Mchoro Uliokuja Baada ya Nyumba

Chuo Kikuu cha Nairobi hakikuzaliwa chuo kikuu. Kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956 kiliitwa Royal Technical College, na usanifu wa majengo ulikuwa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo. Mwaka 1961 kikawa Royal College. Mwaka 1963 kikaunganishwa na Makerere na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, hata mwaka 1970, muungano huo ulipovunjika, kikasimama peke yake. Mwanzoni mwa muungano ule kazi ziligawanywa: aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, na aliyetaka kusanifu majengo alikuja Nairobi, awe Mkenya, Mganda au Mtanganyika.

Mimi niliingia pale mwaka 1971 kusoma historia na fasihi. Bwenini nilipangiwa chumba kimoja na kijana wa kutoka Nyanza aliyekuwa akisoma usanifu. Yu hai, na hapendi kutajwa, kwa hiyo nitamwita sahibu yangu. Kwake nilijifunza kwamba idara ile ilikuwa nchi nyingine. Sisi tuliandika insha usiku mmoja, tukaikabidhi, tukalala. Wao walikesha wiki nzima mbele ya mbao za kuchorea, na rula ya T, na kalamu za wino zenye ncha nyembamba kama sindano, na karatasi ile inayopenyeza nuru, na wembe. Wembe ulikuwa wa kukwaruza wino uliokosewa. Tone moja la jasho lilitosha kuharibu kazi ya siku tatu, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kitambaa chini ya kiganja. Kisha ikaja siku ya kubandika michoro ukutani, mwanafunzi akasimama kando yake kama mshitakiwa, waalimu wakaanza kusema. Nimewajua waalimu wakali, na mimi mwenyewe katika miaka yangu ya ukuu wa chuo cha ualimu sikusifiwa kwa upole, lakini maneno niliyosikia katika chumba kile sikupata kuyasikia popote tena.

Lililomsumbua sahibu yangu si ukali. Lilikuwa ni vitabu. Vingi vilitoka Ulaya, navyo vilimwambia kwamba dirisha la chumba cha kuchorea lielekee kaskazini, maana upande huo jua haliingii. Mtu huyu alikaa Nairobi, hatua chache kutoka ikweta, mahali ambapo jua hupita upande wa kaskazini karibu nusu ya mwaka na upande wa kusini nusu iliyobaki. Alilijua hilo tangu utotoni akichunga mbuzi. Katika mtihani aliandika kaskazini.

Hata hivyo, miaka ile ile upepo ulikuwa ukigeuka. Waalimu kadhaa na wanafunzi wao walianza kutoka na futi za kupimia kwenda kutazama nyumba ambazo hakuna msanifu aliyezichora. Mwaka 1975 kilitoka kitabu cha Usam Ghaidan kuhusu mji wa Lamu, na mwaka 1977 kikatoka cha Kaj Blegvad Andersen kuhusu makazi ya mashambani ya Kenya. Ukivifungua leo utaona mambo ambayo wenye nyumba waliyajua siku zote, lakini yamewekwa kwa mistari na vipimo, mahali ambapo mwanafunzi anaruhusiwa kuyaita elimu. Silisemi hilo kwa dhihaka. Mwanafunzi hufuata kile ambacho mtihani unakitambua.

Mimi ni mtu wa Lamu, mtaa wa Mkomani. Sahibu yangu alipotafuta nyumba ya kufanyia tasnifu yake, nilimpeleka kwa shangazi yangu, likizo ya mwaka 1973. Nyumba ilikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene karibu nusu mita. Ukitoka njiani unakuta daka lenye mabaraza, kisha njia inakata kona ili apitaye asione ndani, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha msana, na nyuma kabisa chumba kiitwacho ndani, ukuta wake umejaa zidaka za chokaa iliyochongwa. Kila hatua unayopiga kutoka daka inakutoa kwa watu na kukuingiza kwa wenyewe.

Kwa siku mbili alipima kwa furaha. Siku ya tatu alifika kwenye mlango wa ndani, shangazi akasimama.

"Huko hapimi mtu, mwanangu."

"Mama, bila chumba hicho mchoro wangu utakuwa na tundu."

"Na uwe na tundu."

Walikaa kimya, kisha shangazi akasema kama kazi ni kupima tu, wenyewe wana mikono. Akaingia na binti zake wawili, mlango ukafungwa. Alikataa futi ile ya chuma, akapima kwa dhiraa, kutoka kisugudi hadi ncha ya kidole, na pasipotosha dhiraa kwa shibiri. Hesabu zilitoka mlangoni kwa sauti, sahibu yangu ameketi msanani akiandika. Upana: dhiraa sita na shibiri moja. Baadaye akaomba kwa adabu ajue urefu wa mkono wa shangazi. Binti mmoja akaupima kwa futi: sentimita 44. Shibiri ikihesabiwa nusu ya dhiraa, upana ukawa mita 2.86.

Hapo ndipo alipoinuka. Msana nao ulikuwa karibu upana huo huo, na chumba cha wageni vivyo hivyo. Alikuwa akitafuta kanuni ya uzuri, uwiano kama wa mahekalu ya Wayunani aliofundishwa. Shangazi alimwonyesha dari. Boriti za mkoko hazipatikani ndefu kupita hapo zikabaki na nguvu ya kubeba sakafu ya mawe na chokaa. Chumba kinaweza kwenda urefu upendao, lakini upana wake umekwisha kuamuliwa mikokoni, na mkataji, anayezihesabu boriti kwa korija, ishirini ishirini.

Tuligombana jambo moja tu. Pembeni mwa kila mchoro, chini kulia, kuna kisanduku: jina la mwanafunzi, idara, kipimo, tarehe. Nilimwuliza fundi aliyejenga nyumba ataandikwa wapi. Akasema hajulikani. Nikasema aandike hivyo, kwamba hajulikani, maana kisanduku kilivyo kinamfanya asiyekuwepo. Na chumba cha ndani nani amekipima? Akafikiri usiku kucha, akaongeza mstari: vipimo vya ndani vimechukuliwa na wenye nyumba, dhiraa moja ni sentimita 44. Siku ya kubandika ukutani, mwalimu mmoja aliukejeli mstari ule mbele ya watu na kusema kipimo cha mkono wa mwanamke si utafiti. Sahibu yangu alipunguziwa alama, naye hakuufuta. Wembe ulikuwa mfukoni mwake.

Nilipokuja kuongoza chuo cha ualimu, niliwatuma wanafunzi wangu kila mwaka wakapime nyumba walimozaliwa kwa vipimo viwili, cha futi na cha mkono wa mzee wa nyumba. Wengine walilalamika kwamba hilo halimo katika silabasi, na kweli halikuwamo.

Mji wa Lamu ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1986, na mwaka 2001 ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sifa zilileta wanunuzi, na wanunuzi walileta saruji. Saruji juu ya tumbawe hufungia unyevu, ukuta ukatoka jasho na plasta ikabambuka, ilhali chokaa huuacha ukuta upumue. Mvua za El Niño za mwaka 1997 ziliangusha dari ya ndani kwa shangazi, na nusu ya zidaka zikaenda nayo. Shangazi alikuwa ameshafariki. Binamu zangu walitaka kumwaga zege na kulainisha ukuta uliobaki.

Niliomba mchoro. Sahibu yangu aliutoa katika bomba lake la karatasi, akanitumia nakala. Fundi mzee tuliyemwita aliugeuza huku na huku, akauliza zile namba ni za nani. Nikamweleza. Akataka asomewe tena mstari wa pembeni. Kisha akachukua kipande cha ufito, akakiweka juu ya futi, akakikata kwenye 44, akaingia nacho ndani.