Bakteria Kuzidi katika Utumbo Mwembamba

Maradhi haya huzuka pale bakteria, wengi wao wa jinsi ileile inayoishi kwa salama katika utumbo mpana, wanapofanya makao katika utumbo mwembamba na kuongezeka hata wakashindana na mwenye mwili katika riziki yake. Katika mtu mwenye afya, kila gramu ya kilichomo utumbo mpana huwa na bakteria wapatao bilioni 100 au zaidi, ilhali sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, mtu akiwa hajala, aghalabu haifikishi 1,000 katika mililita moja. Tofauti hiyo hulindwa na tindikali ya tumbo, na nyongo, na vali iliyo mpakani mwa matumbo mawili, na zaidi ya yote na mwendo wa utumbo wenyewe, ambao wakati wa njaa, kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi, hupitisha wimbi la mikazo likasomba masalio yote kuyapeleka chini.

Basi asili ya maradhi, mara nyingi, ni kutuama. Upasuaji aliouanzisha Theodor Billroth huko Vienna mwaka 1885, wa kukata sehemu ya tumbo na kuliunganisha na utumbo ulio chini zaidi, huacha kipande kilichozibwa mwisho wake ambacho chakula hakipiti. Kisukari cha miaka mingi hudhoofisha mishipa ya fahamu ya utumbo. Skleroderma hukakamaza misuli yake. Na makovu ya kifua kikuu cha utumbo, au ya ugonjwa wa Crohn, huibana njia.

Dhara lake ni la namna mbili. Kwanza, bakteria huvunja chumvi za nyongo, na bila hizo mafuta hayafyonzwi, ndipo choo kikawa cheupe, chenye kunuka na kuelea, na vitamini A na D zikapotea pamoja na mafuta, mgonjwa akaja kushindwa kuona magharibi ikiingia. Pili, hujinyakulia vitamini B12, mgonjwa akapungukiwa damu na kufa ganzi miguuni. Lakini foleti, ambayo bakteria huitengeneza wenyewe, hubaki tele. Damu ikionyesha foleti nyingi na B12 haba, tabibu mwangalifu hana budi kuushuku utumbo, wala asiridhike kumpa mgonjwa vidonge vya kuongeza damu akamwambia aende zake.

Kuthibitisha si kwepesi. Kuvuta maji ya utumbo kwa mrija na kuotesha bakteria wake ni kazi ngumu, na wataalamu hawajaafikiana juu ya kiwango: zamani 100,000 katika mililita, sasa wengi husema 1,000. Kwa hiyo mgonjwa hunyweshwa glukosi kisha pumzi yake ikapimwa haidrojeni, gesi ambayo chembe za mwanadamu haziizalishi. Uhusiano na maradhi ya utumbo kusumbuka bado una mabishano, na kwa maoni yetu wengi wametangaziwa ugonjwa huu kwa ushahidi mchache. Bali kwa wenye ini lililosinyaa kwa makovu jambo ni zito, kwani bakteria huweza kupenya ukuta wa utumbo.

Viuavijasumu kama rifaximini na metronidazoli hupunguza bakteria, na B12 hutolewa kwa sindano. Lakini kutuama kusipoondolewa, maradhi hurudi, na dozi hulazimu kurudiwa.