Mchezo Mmoja, Meza Tatu: Göteborg, 1955

Sataranji ni neno lililotufikia kutoka Kiajemi kupitia Kiarabu. Wanaoucheza mchezo huo wanaifahamu Kinga ya Sisilia: mweupe akisogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, mweusi hajibu kwa kumwiga, bali huanzia upande wa malkia. Ni kinga ya mtu asiyetaka sare. Tawi lake mashuhuri lina jina la Miguel Najdorf, mzaliwa wa Poland aliyekuwa mashindanoni Buenos Aires mwaka 1939 vita vilipozuka Ulaya, akabaki Ajentina.

Mwaka 1955 wachezaji 21 walikutana Göteborg, Uswidi, kugombea nafasi za kusonga mbele kuelekea ubingwa wa dunia. Katika raundi ya 14, Najdorf alikutana na Paul Keres, Oscar Panno na Yefim Geller, na Herman Pilnik na Boris Spassky. Waajentina wote watatu walishika kete nyeusi dhidi ya Wasovieti, na wote walikuja na mbinu moja waliyoiandaa pamoja: hatua ya 9, kumsukuma askari wa upande wa mfalme ili amshambulie askofu wa mpinzani.

Geller ndiye aliyetangulia kupata jibu. Hatua ya 11 alimtoa farasi wake sadaka. Hatua ya 12 malkia wake akamtishia mfalme mweusi. Hatua ya 13 akamsogeza askofu kumbana farasi ambaye mweusi alimtegemea kwa ulinzi. Keres na Spassky wakafuata njia ile ile. Siku hiyo Waajentina wakapoteza michezo yote mitatu.

Je, mbinu yenyewe ilikuwa mbovu? La. Mwaka 1958, mjini Portorož, Yugoslavia, Bobby Fischer mwenye umri wa miaka 15 aliicheza dhidi ya Svetozar Gligorić. Hatua ya 13 alisogeza ngome mraba mmoja tu, akapata sare.

Kilichowaponza Waajentina basi si uvivu. Vichwa vilikuwa vitatu, lakini hoja ilikuwa moja, na pengo la mmoja likawa pengo la wote. Usilolijua ni usiku wa giza. Panno na Pilnik walifuzu hata hivyo. Najdorf, mwenye jina la kinga hiyo, hakufuzu.