Mazimbu na Somo la Kupinga Ubaguzi
Kupinga ubaguzi wa rangi hujifunzwa, na Morogoro ina ushahidi. Mkutano wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, uliofanyika hapa mwaka 1969 uliwafungulia uanachama wasio Waafrika waliokuwa uhamishoni. Wapo waliohofia Waafrika kupokonywa uongozi wa harakati zao. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, na Halmashauri Kuu ya ANC ilibaki ya Waafrika hadi mkutano wa Kabwe, Zambia, 1985.

Vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya maasi ya wanafunzi wa Soweto 1976 walihitaji zaidi ya bunduki. Katika shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro, ANC iliwajengea Chuo cha Solomon Mahlangu, wakasoma historia upya. Atakayesema hiyo ilikuwa siasa iliyovishwa sare ya shule akumbuke elimu waliyoikimbia: ilimwandaa Mwafrika awe kibarua. Majengo yalikabidhiwa Tanzania 1992. Sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.