Sare ya uuguzi wa wanyama (Hopkins, Minnesota)

Sare ya uuguzi wa wanyama ni mavazi ya kazi ya msaidizi wa daktari wa wanyama: blauzi na suruali nyepesi za hospitali ambazo wengi huziita skrabu, viatu vilivyofunikwa, na vikinga vinavyoongezwa juu yake kazi inapodai. Makala hii inaeleza namna ya kuichagua kwa kuangalia Hopkins, mji mdogo katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako wagonjwa wengi ni mbwa na paka na baridi ya Januari hukausha hata hewa ya ndani ya nyumba.

Mji na kazi

Hopkins iko katika kaunti ya Hennepin, magharibi mwa Minneapolis. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 19,079. Mji ulianza ukiwa kijiji cha West Minneapolis, kando ya kiwanda cha mashine za kupuria nafaka cha Minneapolis Threshing Machine Company kilichojengwa 1887, na jina la sasa likachukuliwa mwaka 1928. Wakulima wake walisifika kwa rasiberi, na tamasha la tunda hilo limekuwapo tangu 1935. Mashamba hayo yamekwisha. Nyumba na maghorofa ya kupangisha yamechukua nafasi yake, na ng'ombe wamebaki kaunti za pembeni.

Mabadiliko hayo ya ardhi ndiyo yaliyoamua vazi. Mwanafunzi wa chuo cha mifugo cha LITA Tengeru au Mpwapwa, Tanzania, au wa AHITI Kabete, Kenya, huanza kazi na ovaroli, koti refu la vumbi na mabuti ya mpira, kwa sababu mgonjwa wake yuko zizini, josho liko uwanjani na tope liko kila mahali. Msaidizi wa kliniki ya mjini Hopkins hushinda siku nzima ndani, juu ya sakafu inayodekiwa mara kwa mara. Anapiga magoti kumshika mbwa, anatoa damu, anasafisha meno ya mnyama aliyelazwa kwa nusukaputi, anapiga eksirei, kisha anafua mablanketi na kuosha vizimba. Akivaa ovaroli atatokwa jasho na kujikwaa. Kwa upande wa pili, skrabu zake hazifai hata kidogo kwenye zizi la ng'ombe anayezaa. Wanaosomea taaluma hiyo katika Minnesota hupita pande zote mbili wakati wa masomo, na wanalazimika kuwa na mavazi ya aina zote mbili.

Seti nyingi kuliko seti ghali

Sare ya kliniki haimkingi mtu kwa unene wake, maana skrabu ni kitambaa chepesi kinachopitisha maji, mkojo na kucha. Inamkinga kwa kuvuliwa. Choa, ule ugonjwa wa ukungu wa ngozi unaoacha duara kichwani mwa watoto, hutoka kwa paka na kupanda kwenye blauzi ya aliyempakata, kisha humfikia paka wa pili au mtoto wa nyumbani. Virusi vya parvo vya mbwa hudumu muda mrefu nje ya mwili, na husafiri kwenye kitambaa na nyayo za viatu. Mkojo wa mbwa mwenye leptospirosisi, ugonjwa ambao Watanzania waliujua kwa jina la homa ya mgunda baada ya mlipuko wa Lindi mwaka 2022, ni hatari kwa anayemshika kama ulivyo kwa mkulima wa mpunga.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani si bei ya seti moja, ni seti ngapi zinaweza kununuliwa kwa fedha iliyopo. Mwenye seti moja nzuri ya kampuni maarufu huivaa mpaka jioni hata ikitapikiwa saa nne asubuhi, kwa kuwa hana nyingine. Mwenye seti tano za kawaida hubadilisha bila kufikiri. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, anayeanza kazi anunue moja kwa kila siku ya kazi na nyingine moja ya kubaki kazini, ndipo afikirie urembo. Matangazo ya skrabu za kisasa, tangu kampuni ya FIGS ianzishwe Los Angeles mwaka 2013 na soko zima kuifuata, yamewafanya vijana wengi wapige hesabu hiyo kinyume.

Ufuaji unafaa ufanyike kazini, si nyumbani. Mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kwa nguo za hospitali unataja maji ya nyuzi 71 za Selsiasi kwa dakika 25, joto ambalo mashine nyingi za nyumbani hazilifikii. Nguo ikilazimika kwenda nyumbani, ifungwe kwenye mfuko wake, ifuliwe peke yake kwa maji ya moto kadiri inavyowezekana, na ikaushwe kabisa kwa mashine ya joto. Jiki huua parvo ikichanganywa sehemu moja kwa sehemu 32 za maji, lakini hula spandeksi na kufifisha rangi. Ni dawa ya sakafu na vizimba kuliko ya nguo. Manyoya yatikiswe au yabanduliwe kwa rola ya gundi kabla ya kufua. Yakiingia kwenye mashine hushikamana na kila kitu kitakachofuliwa baadaye, soksi za watoto zikiwemo.

Kitambaa

Pamba tupu hupumua vizuri, ila hujikunja, hunywa maji na kuchelewa kukauka. Mchanganyiko wa poliesta na pamba, mara nyingi asilimia 65 kwa 35, ndio uliovaliwa miaka mingi: mgumu kidogo, wa bei nafuu, unaovumilia moto wa mashine. Vitambaa vipya vya poliesta, reyoni na spandeksi huvutika pande zote, na hilo linahisiwa mara tu mtu anapochuchumaa.

Minnesota ina kikwazo chake. Majira ya baridi, hewa ya nje ikipashwa moto ndani ya jengo hubaki kavu mno, na poliesta kavu hujaa umeme tuli. Blauzi hugeuka sumaku ya manyoya. Paka hurushwa na cheche anapoguswa sikio, na paka aliyekwisha kuogopa hasamehi. Mchanganyiko wenye pamba au reyoni nyingi hupunguza shida hiyo, na mipira ya sufu ndani ya mashine ya kukaushia husemekana kusaidia bila kuacha manukato. Manukato ni jambo la kuepukwa. Pua ya mbwa na ya paka hupokea harufu ya laini ya kufulia kama kelele, na nguo iliyonukia mbwa mwenye hofu humtangulia mhudumu kwenye chumba cha mgonjwa anayefuata.

Kitambaa kilichofumwa kwa mshazari au kwa nyuzi zilizobana hustahimili kucha kuliko kile kilichosukwa kama fulana, kwani ukucha mmoja wa paka hunasa kitanzi na kuvuta mstari mzima. Vifungio vya kunata (velkro) ni mtego wa manyoya. Zipu ya chuma mbele ya kifua humkwaruza mnyama anayekumbatiwa.

Baada ya kitambaa ni ukubwa wa nguo, na kipimo chake hakiwezi kufanywa kwa kusimama mbele ya kioo. Mnunuzi achuchumae hadi chini, ainame kama anayemnyanyua mbwa wa kilo 30, ainue mikono juu ya kichwa, kisha apige magoti na kuinuka mara kadhaa. Mgongo ukionekana, shingo ya blauzi ikifunguka hadi kifuani au suruali ikibana gotini, nguo hiyo ni ya kupigia picha. Suruali ya kamba pekee hushuka mifuko ikijaa; yenye mpira na kamba hukaa.

Mfuko wa kifuani ndio unaosifiwa na ndio unaosumbua. Mtu akiinama juu ya mnyama, kalamu, kipimajoto na mkasi wa bandeji humwagika juu yake. Mifuko ya pajani ni salama zaidi, mradi isiwe imechomoza kiasi cha kunasa kwenye kona ya meza au mlango wa kizimba. Kamba ya beji shingoni huvutwa na mbwa na kushikwa na paka. Kama kliniki inaidai, iwe ile inayojifungua ikivutwa. Pete zenye jiwe na hereni za kuning'inia hubaki nyumbani.

Rangi

Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 chumba cha upasuaji kilikuwa cheupe. Mwaka 1914 daktari Harry Sherman wa San Francisco alianza kutumia kijani cha mchicha kwa sababu weupe ulimchosha macho, na kijani, ikiwa rangi inayokabiliana na nyekundu ya damu, ilimwezesha kuona vizuri. Nchini Uingereza, ambako Royal College of Veterinary Surgeons ilianzisha mpango wa mafunzo ya wasaidizi hao mwaka 1961, kijani cha chupa kimekuwa alama ya muuguzi wa wanyama aliyesajiliwa, na mistari ya kijani na nyeupe ya mwanafunzi. Marekani haina desturi ya nchi nzima. Kila kliniki hujichagulia, baadhi zikitenga rangi ya madaktari, ya wasaidizi na ya wapokezi ili mteja ajue anaongea na nani.

Mbwa huona vizuri samawati na manjano, na huchanganya nyekundu na kijani. Harakati ya Fear Free ya kupunguza hofu ya wanyama kliniki, iliyoanzishwa na daktari Marty Becker mwaka 2016, inashauri kuacha koti jeupe na kuvaa rangi tulivu. Ushauri huo una busara, ingawa mbwa aliyechomwa sindano mwezi uliopita anamkumbuka mtu kwa harufu na mwendo pia.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba rangi iliyokoza na maua-maua huficha uchafu. Wengi huona hiyo ni sifa. Kama sare inakinga kwa kubadilishwa, doa lisiloonekana ni doa lisilobadilishwa. Samawati ya wastani au kijivu huonyesha damu na mkojo mapema, wala haipigi kelele kwa nywele za Labrado mweusi wala za paka mweupe.

Baridi, viatu na koti la mlangoni

Tarehe 21 Januari 1888 Miji Pacha (Minneapolis na St. Paul) ilipima takriban nyuzi 41 za Selsiasi chini ya sifuri, na hata miaka ya kawaida kuna asubuhi za nyuzi 20 chini. Kishawishi ni kuvaa fulana ya mikono mirefu chini ya skrabu siku nzima. Kanuni ya mikono mitupu chini ya kiwiko, iliyotangazwa na Wizara ya Afya ya Uingereza mwaka 2007 kwa hospitali za binadamu, ina maana pia kwa wanyama, kwani huwezi kunawa hadi kiwikoni ukiwa na mkono wa shati uliolowa. Fulana ya ndani isiyo na mikono, soksi za sufu na kizibao huleta joto bila kugusa mgonjwa.

Viatu vya theluji vibaki mlangoni. Chumvi ya barabarani huyeyuka ndani na kuacha maji yanayoteleza. Kiatu cha kazini kiwe na soli isiyoteleza, kifunike kidole na juu ya mguu, kifutike. Vile vyenye matundu juu vinapendwa kwa wepesi, lakini sindano ikianguka hupita tundu hilo hilo, na mkojo pia.

Mbwa waliolazwa wanahitaji kutolewa nje kujisaidia hata wakati wa theluji. Hapo ndipo koti la wote, linalotundikwa karibu na mlango wa nyuma, linapoingia kazini. Linavaliwa na kila mtu, linabeba kila mgonjwa, na halina mwenyewe wa kulifua. Kliniki inayojali sare lakini hailiweki koti hilo kwenye ratiba ya dobi imeacha dirisha wazi.

Hijabu na nywele

Miji Pacha ina Waafrika Mashariki wengi, hasa Wasomali, Waoromo na Wakenya, na wengi wao wamezoea skrabu kwa kazi za nyumba za wazee na hospitali. Kwa mwanamke anayejisitiri, hijabu ya kuvaa kwa kupitisha kichwani, isiyo na pini, iliyoingizwa ndani ya kola, ni salama kuliko mtandio unaoning'inia. Pini ikianguka ndani ya kizimba huweza kumezwa. Minneapolis ina uzoefu na ubunifu wa aina hiyo: mwaka 2015 wasichana wa mtaa wa Cedar-Riverside walisanifu sare zao za mpira wa kikapu pamoja na Chuo Kikuu cha Minnesota, na baadaye Fatimah Hussein na Jamie Glover wakaanzisha Asiya, kampuni ya hijabu za michezo. Kitambaa hicho chepesi kinachokauka haraka kinafaa kliniki vilevile. Kuhusu mikono, hospitali za Uingereza zimeruhusu tangu 2010 vifuniko vya mikono vya kuvaa na kutupa, suluhisho lisilomnyima mtu sitara wala kunawa.

Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 humtaka mwajiri avumilie vazi la dini, na mwaka 2023, katika kesi ya Groff dhidi ya DeJoy, Mahakama Kuu ya Marekani iliongeza uzito wa sababu anazopaswa kuonyesha anapokataa. Mwaka huo huo Minnesota ilipitisha sheria inayozuia ubaguzi kwa sababu ya misuko na rasta. Kuzifunga nyuma wakati wa kazi bado ni lazima, kwa nywele za aina zote.

Nani analipa

Vikinga ni vya mwajiri. Tangu 2008 kanuni za usalama kazini za Marekani humtaka alipie vingi kati ya hivyo: miwani, glavu za kazi maalumu, aproni ya risasi, ambayo kwa kawaida ina kinga sawa na milimita 0.5 za risasi, pamoja na kola ya shingoni wakati wa eksirei. Skrabu za kawaida haziingii hapo. Nguo za kuvaa hazitozwi kodi ya mauzo Minnesota, na sare zimo. Mwajiri akilazimisha sare maalumu isiyofaa kuvaliwa kwingine, sheria ya mshahara ya jimbo humruhusu kumkata mfanyakazi si zaidi ya dola 50, bila kushusha malipo chini ya kima cha chini. Ajira ikiisha, mwajiri humrudishia fedha zote alizokata, na anaweza kudai arudishiwe nguo hizo.