Tawi Lililopita Landover

Sisi wa Landover tumezoea treni za Amtrak zikipita usiku na mchana. Kisheria, reli hiyo ilizaliwa kuwa tawi tu. Kampuni ya Baltimore & Ohio ilihodhi njia ya Washington, na jimbo la Maryland, lililokuwa na fungu katika nauli zake, halikutaka mshindani. Basi Pennsylvania Railroad wakachukua kibali cha mwaka 1853 cha kampuni nyingine, cha kujenga reli hadi Mto Potomac kwenye mashamba ya tumbaku, pamoja na matawi yasiyozidi maili 20. Tawi moja likafika Washington mwaka 1872! (Walioingia nchi hii kwa karatasi moja wakaishi kwa nyingine hawatashangaa.)

Shina lenyewe lilifika Popes Creek mwaka 1873, likadorora. Lililolifufua ni makaa ya mawe ya migodi ya Appalachia, yaliyopelekwa kwenye mitambo ya umeme ya Chalk Point kuanzia 1964 na Morgantown kuanzia 1970. Kipande cha mwisho kiliachwa kiote majani. Chalk Point iliacha makaa 2021, Morgantown 2022. Taa zetu zinawaka bado. Shina ndilo limepoteza mteja wake mkubwa.