Nyanya, mvuke na sheria ya asilimia 42.5

Miaka ya 1990, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, nyanya zilikuwa zikiiva huku theluji ikianguka nje. Zilioteshwa ndani ya vitalu nyumba vilivyojengwa jirani na mitambo ya gesi ya kufua umeme, na joto lililozilea lilitoka kwenye mitambo hiyo. Majirani hao hawakukutana kwa bahati. Ilikuwepo sheria iliyomtaka mfuaji umeme aoneshe joto lake linakwenda wapi.

Swali hilo ni la siku nyingi. Septemba 4, 1882, Thomas Edison alipowasha kituo chake cha Pearl Street jijini New York, makaa ya mawe yalichemsha maji, mvuke ukazungusha mashine, na mvuke mwingine ukauzwa kwa majengo ya jirani kupasha vyumba. Baadaye mitambo ilikua, ikahamishwa mbali na makazi, na mnunuzi wa joto akabaki mjini. Kufikia miaka ya 1960, mtambo wa kawaida wa mvuke ulikuwa ukigeuza takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa umeme. Theluthi mbili zilipotelea hewani na mitoni, kama moto wa mafiga uliopigwa na upepo.

Mafuta yakiwa rahisi, hasara hiyo haikumkosesha mtu usingizi. Mambo yalibadilika Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipoizuia Marekani mafuta. Novemba 9, 1978, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria tano za nishati kwa mpigo. Mojawapo, iliyojulikana kwa kifupi kama PURPA, ililenga viwanda vyenye boila: vya karatasi, kemikali na mafuta. Viwanda hivyo vingeweza kufua umeme na kutumia mvuke uleule kwa kazi zao, ila umeme wa ziada havikuwa na pa kuuuza. Mashirika ya umeme yaliyohodhi soko hayakuwa na haja ya kumlea mshindani.

PURPA iliyalazimisha yanunue, kwa bei isiyozidi gharama ambayo shirika lingeingia kama lingefua au kununua umeme huo kwingine. Jimbo la Mississippi lilikwenda mahakamani kupinga sheria hiyo, likashindwa mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 1982.

Lakini si kila mwenye jenereta aliruhusiwa kubisha hodi. Tume ya serikali kuu inayosimamia nishati, FERC, iliweka mzani kwa mitambo ya mafuta na gesi: chukua umeme uliofuliwa, ongeza nusu ya joto lililotumika, na jumla isipungue asilimia 42.5 ya nishati iliyoingia. Tuseme mtambo umekula gesi ya thamani ya 100, ukatoa umeme wa 38 na mvuke wa 10 kwa kiwanda. Hesabu ni 38 na 5, yaani 43. Umepita. Joto likiwa chini ya asilimia 15 ya nishati yote iliyozalishwa, kiwango kilipanda hadi 45, na lisingeweza kupungua chini ya asilimia 5.

Hapo ndipo wajanja walipopiga hesabu. Teknolojia ya gesi ilisonga mbele, na mtambo unaotumia moshi wa moto wa mashine ya kwanza kuendesha mashine ya pili uliweza kufikia asilimia 45 kwa umeme pekee. Kilichobaki ni kumtafuta mtu wa kupokea mvuke kidogo. Kitalu nyumba kilitosha, au kijiwanda cha maji yaliyokenekwa, kama yale ya betri za magari. Wamarekani wakaiita mitambo ya namna hiyo “mashine za PURPA”: imejengwa kuuza umeme, joto likiwa kibali tu cha kuingilia mlangoni.

Mwaka 2005 Kongresi iliziba mwanya huo. Mitambo mipya ya aina hii ikatakiwa ioneshe kwamba joto lake lina matumizi ya kweli yenye tija, na kwamba nishati yake kimsingi ni ya kiwanda au taasisi, si ya kuuzia shirika la umeme. Asilimia ikabaki, ila sasa ilisindikizwa na swali lisilojibika kwa kikokotoo.

Tanzania nayo ilipoweka utaratibu wa wafuaji wadogo, wasiozidi megawati 10, wazo lilelile la PURPA, bei inayofuata gharama ambayo shirika limeiepuka, lilikuwemo. Miongoni mwa wauzaji ni kiwanda cha sukari cha TPC, Moshi. Pale makapi ya miwa huchomwa kwenye boila, mvuke unazungusha mashine, kisha unakwenda kuchemsha juisi ya miwa, na umeme unaozidi unaingia gridi ya taifa. Mvuke huo ungehitajika hata kama sheria isingekuwepo, kwa kuwa bila mvuke hakuna sukari.