Homa ya manjano: Kwa nini tumbili wa Busia na Tororo hawachanjwi?

Nchini Brazil, wanasayansi wamewachanja kima wa porini dhidi ya homa ya manjano, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Kwa wakazi wa Busia na Tororo, ambao huwafukuza tumbili mashambani karibu kila msimu, habari hiyo inazua swali la msingi. Virusi hivi asili yake ni Afrika. Mbona wanyama wa huku hawachanjwi?

Sababu kuu ni kwamba kima wengi wa Amerika ya Kusini hufa wanapoambukizwa, ilhali wa Afrika hufa kwa nadra. Virusi vilivuka Atlantiki enzi za biashara ya utumwa na kuwakuta huko wanyama ambao havijawahi kuishi nao. Tumbili wa Afrika hubaki na virusi damuni kwa siku chache, kisha hupata kinga.

Brazil ililazimika kuchukua hatua kwa sababu ya tamarini wa dhahabu, kima mdogo mwenye manyoya kama ya simba, anayepatikana porini katika jimbo la Rio de Janeiro pekee. Mlipuko ulioanza mwishoni mwa 2016 ulipunguza idadi yao kutoka takriban 3,700 hadi 2,500. Walionusurika walinaswa kwa mitego yenye ndizi, wakadungwa sindano mmoja mmoja, na kufikia 2023 zaidi ya 300 walikuwa wamechanjwa. Hesabu ya mwaka huo ilionyesha wamefikia takriban 4,800. Lengo lilikuwa kuokoa spishi, si kuwakinga binadamu.

Somo la Bwamba

Jinsi virusi vinavyomfikia mkulima ilifahamika Uganda kwenyewe. Taasisi ya utafiti wa homa ya manjano ilianzishwa Entebbe mwaka 1936, na watafiti wake, akiwemo Alexander Haddow, walifanya kazi kwa miaka mingi katika msitu wa Bwamba, magharibi mwa nchi. Waligundua kwamba mbu aitwaye Aedes africanus huwauma kima juu ya miti baada ya jua kuzama. Kima aliyeambukizwa akishuka kuiba ndizi, huumwa na mbu wa aina nyingine, Aedes simpsoni, ambaye huzaliana katika maji yaliyotuama kwenye makwapa ya majani ya migomba na magimbi. Mbu huyo ndiye humuuma mwenye shamba.

Hata hivyo, kuwachanja kima wote, kama lingewezekana, kusingemaliza virusi, kwani mbu jike anaweza kuvirithisha kizazi chake kupitia mayai.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Nchini Brazil, kima wanaokutwa wamekufa msituni ni onyo la mapema kwa maafisa wa afya, ingawa wapo watu waliowaua kwa hofu wakidhani ndio waenezaji. Afrika Mashariki haina onyo hilo. Dalili ya kwanza huwa mtu mwenye homa, na katika eneo lenye malaria nyingi kama Tororo, homa hudhaniwa kwanza kuwa malaria. Kipimo cha damu cha maabara pekee ndicho huthibitisha.

Chanjo mpakani

Kwa hiyo anayepaswa kuchanjwa ni binadamu. Dozi moja hutoa kinga ya maisha, na tangu Julai 2016 cheti chake, ile kadi ya manjano, hakina muda wa kuisha. Ugonjwa wenyewe hauna dawa mahususi.

Hata hivyo pande mbili za mpaka hazilingani. Uganda, iliyokumbwa na milipuko kaskazini mwaka 2010 na Masaka mwaka 2016, iliingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto mwaka 2022, kisha ikaendesha kampeni kwa watu wazima. Kenya huitoa kwa kawaida katika kaunti chache tu, hasa za Bonde la Ufa, ambako ugonjwa ulizuka Bonde la Kerio mwaka 1992. Mlipuko wa Isiolo uliotangazwa Machi 2022 ulitokea nje ya eneo hilo.

Hivyo mtoto wa Tororo hupangiwa sindano hii akiwa na miezi tisa, na wa Busia upande wa Kenya hapangiwi. Madereva wa malori hutakiwa kuwa na kadi katika vituo vya Busia na Malaba. Anayepita njia za panya kwenda sokoni haulizwi.